Mizani mpya inakuja kituoni: karani wa majani ya chai atabaki na kazi gani?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika kituo cha kupokea majani mabichi ya chai wilayani Rungwe, huu ni mwaka wangu wa kumi unaanza. Napima majani ya wakulima, naandika kilo, natoa stakabadhi. Mwezi uliopita tuliitwa kiwandani tukaambiwa kuanzia Julai tutaletewa mizani ya kidijitali inayounganishwa na simu. Mkulima akipima, kilo zinaingia zenyewe kwenye mfumo, anapata meseji, na fedha zake zinakwenda moja kwa moja kwenye simu yake. Bosi alisema kazi zetu zitakuwa rahisi na wenzangu walipiga makofi. Mimi tangu siku ile usingizi umepungua. Kama mashine inapima, inaandika na inajumlisha, nabaki nafanya nini? Nianze kutafuta kazi nyingine? Nikasome kompyuta?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Umenieleza kazi yako kwa mambo matatu: kupima, kuandika, kutoa stakabadhi. Wasiwasi wako umeanzia hapo, nami nitaanzia hapo hapo, kwa sababu sikubali kwamba hiyo ndiyo kazi yako yote.

Nimekaa mara nyingi kwenye mabanda ya kupokelea majani, Katumba na Mwakaleli, nikitazama makarani wakifanya kazi. Ninachokiona ni hiki. Mkulima anafika na gunia mgongoni, mvua ya Tukuyu imemlowesha yeye na majani yake. Kabla gunia halijafika kwenye ndoano ya mizani, karani ameshaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko. Anatafuta joto. Majani yaliyoshindiliwa tangu asubuhi huanza kuchemka katikati, na yakishageuka mekundu hakuna kiwanda kitakachoyarudishia ubora. Anatoa konzi moja, anaitazama: je, ni majani mawili na chipukizi, au mtu amevuta mpaka jani la nne, gumu, linalokatika kama kijiti? Anaona maji yanayochuruzika, anaamua akate kilo ngapi, kisha anamwambia mkulima mbele ya jirani zake kwa namna ambayo mtu yule hataondoka akisema ameibiwa. Anajua kwamba kijana aliye mbele yake si mwanachama. Namba anayotaja ni ya marehemu baba yake, na ukoo bado haujakaa kuamua nani airithi. Anajua kuna bibi anayezungumza Kinyakyusa tu, hasomi, na kilo zake husomewa mara mbili. Lori likichelewa anapiga simu kwa dereva, na akisikia limekwama kwenye matope anawaambia watu wafungue magunia na kuyatandaza majani kivulini. Jioni, watu wakishaondoka, ndipo anajumlisha.

Sasa niambie, katika hayo yote mizani mpya inachukua nini? Inachukua kusoma mshale, kuandika namba, kujumlisha jioni na ile karatasi ndefu ya mwisho wa mwezi. Haiingizi mkono ndani ya gunia. Haimjui bibi.

Lakini usishangilie upesi. Tazama vizuri vipande vinavyoondoka na vinavyobaki. Vinavyoondoka vyote ni vile vilivyokuwa vinaacha maandishi. Daftari lako, stakabadhi zako, jumla zako, hivyo ndivyo bosi alivyoviona mezani kwake kwa miaka tisa. Vinavyobaki havijawahi kuandikwa mahali popote. Kwa hiyo hatari iliyo mbele yako siyo mashine kuichukua kazi yako nzima. Hatari ni mashine kuichukua sehemu yote inayoonekana, kisha mtu wa ofisini atazame kilichobaki asione kitu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa karani wa ghala la kahawa huko Mbozi. Wakulima walileta kahawa ya maganda waliyoikausha kwenye vichanja nyumbani, nasi makarani wa zamani tuliipima unyevu kwa meno. Unaiuma punje: ikibonyea bado ina maji, ikipasuka kwa mlio imekauka. Ikaja mashine ndogo ya kupimia unyevu. Unajaza kikombe cha kahawa, unasoma namba, na kahawa ikiwa kwenye asilimia 11 au 12 unaipokea. Ilikuwa mashine nzuri na ilikuwa ya haki kuliko meno yangu, nakiri hilo mpaka leo, maana meno ya asubuhi na meno ya saa kumi jioni si yale yale. Mwajiri akapiga hesabu: kama mashine inapima unyevu, makarani wanne wa nini? Tukapunguzwa wawili, sisi tuliokuwa na miaka mingi na mshahara mkubwa kidogo.

Msimu ule ghalani iliingia kahawa iliyokaushwa karibu na mafuta ya taa, na nyingine iliyolala kwenye chumba kimoja na vitunguu. Kahawa hufyonza harufu ya kila kilicho jirani. Unyevu wake ulikuwa sawasawa kabisa. Mashine ilisema ukweli kuhusu kitu ilichoulizwa, na hakuna aliyeuliza jambo jingine, kwa sababu kunusa hakukuwa kwenye orodha ya kazi ya mtu yeyote. Sisi tulikuwa tunanusa tukiuma. Tulifanya hivyo bila kujua kwamba ni kazi, na tulipoitwa kusaini barua hatukuwa na neno la kuitetea. Wenzangu waliobaki walilaumiwa kwa mzigo ule. Hilo ndilo lililonitoa kwenye maghala nikaingia kwenye kusoma na kufundisha mambo ya kazi.

Wataalamu wa uchumi walichelewa kidogo kuliona jambo hili, lakini walipoliona walilieleza vizuri. Mwaka 2003 David Autor, Frank Levy na Richard Murnane waliandika kwamba kompyuta isitazamwe kama kitu kinachochukua kazi. Itazamwe kama kitu kinachochukua shughuli ndani ya kazi, hasa zile zinazofuata kanuni moja kila siku. Tofauti ya mtazamo huo si ndogo. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko kwenye hatari kubwa ya kufanywa na mashine. Walizitazama kazi kwa majina yake: karani, dereva, mpishi. Miaka mitatu baadaye, utafiti uliofanywa kwa ajili ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalounganisha zaidi nchi tajiri, ulitazama shughuli ambazo watu wanafanya kweli ndani ya kazi hizo, na kwa nchi hiyo hiyo ukapata asilimia 9. Kutoka 47 hadi 9, kwa sababu ya kufungua gunia na kuingiza mkono ndani badala ya kusoma jina lililoandikwa juu yake.

Lakini nisikufariji kwa asilimia za Wamarekani. Kuna mfano wao mmoja unaonifaa zaidi, kwa sababu una sehemu mbili na watu wengi husimulia ile ya kwanza tu. Mashine za kutolea fedha zilipoenea kwenye benki za Marekani, kila mtu alitarajia makeshia wataisha. Hawakuisha. Kati ya mwaka 1988 na 2004 idadi ya makeshia katika tawi la kawaida mjini ilishuka kutoka 20 hadi 13, lakini kwa kuwa tawi liligharimu kidogo kuliendesha, benki zilifungua matawi mengi zaidi, na jumla ya makeshia haikuanguka. Kazi yao ikageuka: kuhesabu noti kukapungua, kuzungumza na mteja na kumshauri kukaongezeka. Hapo wasimuliaji wengi hunyamaza. Sehemu ya pili ni kwamba ilipokuja benki ya kwenye simu, idadi ikaanza kushuka kweli. Mashine ya kwanza ilichukua kipande cha kazi. Simu ilichukua sababu ya mtu kwenda benki.

Hili ndilo swali ninalotaka uliulize juu ya kila mtambo utakaoletwa mbele yako maishani: unachukua kipande cha kazi yangu, au unaondoa sababu ya mtu kuja nilipo?

Kwa kituo chako jibu liko wazi. Majani mabichi hayatumwi kwa simu. Yanahitaji karibu kilo nne na nusu hadi tano kutoa kilo moja ya chai kavu, ni mzigo mkubwa, unaharibika siku hiyo hiyo, na lazima mtu aubebe hadi mahali fulani ambapo mtu mwingine ataupokea, ataukagua na kuupakia. Sababu ya mkulima kuja kituoni haiondoki. Anayepaswa kukosa usingizi kuliko wewe ni mwenzako anayelipa wakulima fedha taslimu dirishani mwisho wa mwezi, kwa sababu fedha zinatembea kwa simu. Tanzania tumeishi na M-Pesa tangu mwaka 2008, na tangu siku hizo foleni nyingi za malipo zimekuwa zikiyeyuka moja baada ya nyingine. Kama huyo ni rafiki yako, mwonyeshe barua hii.

Na wale vijana wanaoingiza takwimu za vituo kwenye kompyuta kiwandani, wakinakili kutoka kwenye madaftari yenu? Hao nawaonea wasiwasi zaidi, kwa sababu kazi yao karibu yote ilikuwa kunakili. Sitazunguka: kuna kazi zinazokwisha. Msoma mita wa umeme alikuwa mtu wa kawaida kila mtaa wa Mbeya kabla ya LUKU. Mteja alipoanza kununua umeme kabla ya kuutumia, hapakuwa na kipande kilichobaki cha kumfanya mtu apite nyumba kwa nyumba na daftari kila mwezi.

Pia vipande vya kazi vinapohama, havihami kwenda kwa watu wale wale. Nenda Mbarali wakati wa mavuno ya mpunga. Kabla ya kombaini, ekari moja ilipita kwenye mikono mingi: wa kukata kwa mundu, wa kukusanya, wa kupura juu ya turubai, wa kupepeta. Wengi kwenye kupepeta na kukusanya walikuwa akina mama waliotoka vijiji vya mbali kuja kutafuta fedha za ada. Kombaini inameza hatua hizo zote kwa mwendo mmoja. Kazi zipo bado: dereva, fundi, mtu wa dizeli, wapakiaji wa magunia, dalali anayetafuta mashamba ya kuvuna. Karibu zote zimeangukia kwa wanaume vijana. Ukihesabu ajira tu unaweza kusema zimehama. Yule mama aliyekuwa anapepeta hajahama kwenda popote, amekosa. Nakuambia hili kwa sababu wewe ni mwanamke kwenye kituo ambacho kinaletewa mashine yenye betri na nyaya, na nimeona mara nyingi mno jinsi anavyotafutwa "kijana anayejua simu" wakati mtu anayejua majani yuko pale pale. Siku ya mafunzo ikitangazwa, jina lako liwe la kwanza. Usingoje kualikwa.

Mfano unaonipa matumaini ya kweli uko mjini Mbeya, kwenye maabara za kifua kikuu. Zamani mtaalamu wa maabara alipaka makohozi kwenye kioo, akayatia rangi, kisha akainama kwenye darubini kutafuta vijidudu, kioo baada ya kioo, hadi shingo inauma na macho yanatoa machozi. Ikaja mashine ya GeneXpert. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010, na watafiti wa Mbeya walikuwa miongoni mwa walioijaribu mapema. Unaweka sampuli kwenye kikasha chake, unakiingiza, na baada ya saa mbili hivi unajua kama kuna kifua kikuu na kama vijidudu hivyo vimeshakuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Kuinamia darubini kukapungua sana.

Lakini ile mashine ukiipa mate, itakujibu kuhusu mate. Kilichopanda thamani ni kile ambacho zamani kilionekana kidogo: kumfundisha mgonjwa aliyechoka, mwenye aibu, namna ya kukohoa kutoka ndani ya kifua hadi atoe makohozi yenyewe, kumpata tena aliyepewa kopo akaenda nalo na hakurudi, kuhakikisha umeme haukatiki katikati ya kipimo. Ndivyo itakavyokuwa kwenu. Mizani yako mpya itapima hata majani mabovu kwa usahihi wa gramu. Itaandika kilo 18.4 za majani yaliyochemka na kumtumia mkulima meseji nzuri kabisa. Anayeamua kama yale ni majani ya chai au ni takataka ni mkono wako, na kwa kuwa sasa namba zinaonekana kiwandani dakika ile ile, kosa la mkono huo litaonekana upesi kuliko zamani.

Utapata pia kazi mpya ambazo hakuna aliyekutajia kwenye kikao kile. Betri ni kazi. Kuchaji usiku, kujua itaishi mpaka saa ngapi siku ya majani mengi, kuwa na sola au pawa benki, kuifunika mashine isiingie maji kwenye wilaya ambayo mvua haiulizi msimu. Mtandao ni kazi: ukikatika saa saba mchana na watu arobaini wako kwenye foleni, nani anaamua kuendelea kupokea, na kilo hizo zinakaa wapi mpaka mtandao urudi? Majina ni kazi, na hii ndiyo itakayokusumbua kuliko zote. Wazee wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au mjukuu. Siku ya malipo, fedha za mzee zitaingia kwenye laini yenye jina la mtu mwingine, na mtu huyo pengine yuko Dar es Salaam. Mzee hatakwenda kwa mtengenezaji wa mfumo. Atakuja kwako, atakaa kwenye benchi lako, na atakuuliza ziko wapi fedha zake. Kupokea lawama ni kazi, tena ya nguvu, na lazima ijulikane hivyo.

Sasa nikuambie la kufanya, na naomba ulianze wiki hii, mizani ya zamani ikiwa bado inaning'inia.

Chukua daftari jipya, usitumie la kituo. Kwa siku sita za kazi andika kila unachofanya na umekifanya kwa muda gani, hata kama ni kidogo. "Nimekataa gunia moja, majani yamechemka, nimeeleza dakika kumi." "Nimempigia dereva mara tatu." "Nimerekebisha namba ya mwanachama, baba na mtoto wana jina moja." Usiandike kwa lugha ya ofisini, andika kama ilivyotokea. Baada ya siku sita pitia kila mstari ujiulize: mizani mpya itafanya hili? Weka alama. Nina hakika utashangazwa na mistari isiyo na alama ilivyo mingi. Hilo daftari ndilo nililolikosa mimi Mbozi.

Halafu nenda kwa bosi wako nalo kabla ya Julai. Usiende kulalamika, na usiende kuipinga mizani. Mizani hiyo ina haki ndani yake: mkulima amelia miaka mingi kuhusu kilo zinazopotea kati ya banda na kiwanda, kama mkulima wa viazi wa Njombe anavyolia kuhusu lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, na chombo kinachomwonyesha namba papo hapo kinastahili kuungwa mkono. Mwaka 2023 huko Kericho, Kenya, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na watu wenye hasira. Naielewa hasira ile, maana mashine zile zilichukua kuchuma kwenyewe, kazi yote. Yenu si ya namna hiyo. Mwambie bosi: haya ndiyo ninayofanya, haya mizani itayachukua, haya yatabaki, na haya mapya yataongezeka. Naomba yaandikwe kwenye maelezo ya kazi yangu. Kisha uliza, kwa upole lakini usiondoke bila jibu: nani ana mamlaka ya kukataa majani mabovu mfumo ukishaanza? Kilo zikiingia kwa namba isiyo sahihi, ninaweza kuzirekebisha mimi au mpaka kiwandani? Mtandao ukikatika tunaandika wapi? Vituo vikihitaji karani mmoja badala ya wawili, atachaguliwa kwa kigezo gani?

Omba pia kwamba kwa wiki nne za mwanzo muandike kwa mkono sambamba na mfumo. Watakuambia ni kazi maradufu, na ni kweli. Lakini ni hizo wiki nne zitakazoonyesha makosa ya usajili wa wanachama, na bila karatasi ya upande wa pili kila kosa litaonekana ni la karani.

Jambo la mizani yenyewe ni dogo lakini lisikupite. Kuwa ya kidijitali hakuifanyi iwe sahihi milele. Mizani yoyote ya biashara inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, hiyo mpya pia, na alama ya uhakiki inapaswa kuonekana. Tafuta jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana, kila asubuhi lipime mbele ya wakulima wa kwanza, uandike lilivyosoma. Ni dakika mbili. Mkulima akiona namba ile ile kila siku ataiamini mashine, na atakuamini wewe uliyemwonyesha.

Kuhusu kupunguzwa, ijue sheria ili usisaini kwa woga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kwa mahitaji ya uendeshaji, na ndani ya maana ya mahitaji hayo mabadiliko ya teknolojia yametajwa. Lakini kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa ya kusudio lake, atoe maelezo, na ashauriane nanyi kabla: kwa nini anapunguza, hatua gani zinaweza kuepusha au kupunguza makali, nani watachaguliwa na kwa njia gani, lini, na watalipwa nini. Ushauriano ni kabla ya uamuzi. Barua inayofika ikiwa imeshaamua siyo ushauriano. Kiinua mgongo chini ya kifungu cha 42 hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa miaka yako 9 iliyokamilika hiyo ni siku 63. Angalia mkataba wako ni wa aina gani, kwa sababu mkataba wa muda maalumu ukiisha wenyewe, kiinua mgongo hicho hakipo. Na ukipewa nafasi nyingine ya kazi ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kukipoteza. Ukiona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Wana ofisi Mbeya mjini. Siku hizo hupita upesi mtu akiwa bado anapokea pole za majirani.

Nianze kutafuta kazi nyingine, unauliza. Kutafuta si dhambi, lakini usiondoke kwa sababu ya hofu hii. Mtu anayejua majani kwa mkono na anayejua pia mfumo wa kupokelea ni mtu ambaye kiwanda kitamhitaji kufundisha vituo vingine, na ujuzi huo unavuka hata nje ya chai. Hapo hapo Rungwe kuna parachichi zinazokwenda nje ya nchi, na huko pia kuna mtu anayesimama mlangoni akipima, akikagua, akikataa na kueleza kwa nini amekataa.

Na kompyuta, ndiyo, soma, lakini usilipie cheti cha miezi sita kinachoanza kwa kukufundisha historia ya kompyuta. Unachohitaji ni jedwali: kuingiza namba, kujumlisha, kupanga, kulinganisha mwezi na mwezi, kutafuta namba iliyojirudia. Tafuta mtu akufundishe hayo jioni chache, na usifanye mazoezi kwa mifano ya kitabuni. Tumia kilo za kituo chako mwenyewe. Chagua wanachama ishirini, ingiza miaka miwili ya madaftari yako, uone nani majani yake yamepungua na lini. Utaanza kuona mambo ambayo ulikuwa unayajua bila kuyaona: shamba lililozeeka, mama aliyeugua, mbolea iliyochelewa.

Hapo nimekumbuka jambo la mwisho, nalo ni la haraka. Mfumo ukishaanza, atakuja mtu na gari kukusanya madaftari ya zamani, aseme hayahitajiki tena. Usimpe bila orodha yenye tarehe na saini yake. Ndani ya madaftari hayo, pembeni mwa kilo, umeandika mambo kwa kalamu ambayo hayana sehemu yake kwenye mfumo mpya: "amefiwa, mtoto ndiye analeta", "shamba la bondeni, majani mazuri baada ya mvua", "alipwe mke, wamekubaliana mbele ya mwenyekiti". Yanakili kwanza, yote, hata kama itakuchukua mwezi mzima.